RADIO YA MKONO: INASEMA NINI, NA INAFICHA NINI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo tunazungumza juu ya mkono na juu ya ile picha nyeusi inayotoka lopitali ndani ya bahasha kubwa.

Katika kazi yetu mkono ndio unaotangulia. Unashika jiwe, unashika kamba ya chuma, unafungua valvu, unabeba chuma cha kutobolea. Kwa kuwa unatangulia, ndio unaoumia mbele ya viungo vingine. Jiwe linaanguka juu ya vidole. Mlango wa gari unafungwa juu ya kidole gumba. Mtu anateleza kwenye ngazi yenye matope, ananyosha mkono ili ajizuie, anaangukia kiganja. Anapelekwa lopitali, anapigwa radio. Akirudi kampi, majirani wanamwuliza: “Radio imesema nini?” Naye anajibu: “Hakuna kitu.”

Neno hilo, “hakuna kitu”, ndilo tunalotaka kulichungua leo. Kuna mikono iliyopoteza nguvu yake kwa ajili ya neno hilo. Mtu alisikia kwamba hakuna kitu, akarudi kazini na maumivu yake, na baada ya miezi mingi mkono ukakataa kushika hata sufuria ya bukari.

Hatutaki kukufanya mganga. Kusoma radio ni kazi ya watu waliojifunza miaka. Lakini mkono ni wako, na mtu anayefahamu jinsi picha inavyotazamwa anajua kuuliza maswali mazuri, na anajua lini ni lazima arudi.

RADIO NI KITU GANI?

Radio tunayosema hapa si ile inayopiga rumba jioni. Ni picha inayopigwa kwa mionzi ya X. Mionzi hiyo haionekani kwa macho, lakini inapita ndani ya mwili. Aliyeigundua ni Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Wiki chache baadaye, tarehe 22 Desemba, alipiga picha ya mkono wa mke wake, Bertha. Mifupa ilionekana, na juu ya mfupa wa kidole ilionekana pete yake, nyeusi na nzito kuliko mfupa. Kwa hiyo moja ya picha za kwanza kabisa za mionzi hii ilikuwa picha ya mkono. Mwaka 1901 Röntgen alipewa zawadi ya Nobel ya fizikia, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kuipata.

Hapa kuna jambo litakalokupendeza, wewe unayechimba shaba. Katika mashini nyingi ndogo za radio, kipande cha chuma kinachotoa mionzi kimefungwa ndani ya bonge la shaba. Shaba huvuta joto na kuliondoa upesi, la sivyo kipande hicho kingeyeyuka. Huenda shaba iliyotoka ardhini kama yetu ndiyo inayosaidia kuonyesha mifupa yako.

Katika picha za leo, ziwe za filmu au za kioo cha kompyuta, rangi zina maana yake:

— Nyeusi ni hewa. Mionzi imepita bila kuzuiwa.
— Kijivu ni nyama, mafuta na ngozi.
— Nyeupe ni mfupa. Mfupa una chokaa ndani yake, nayo inazuia mionzi.
— Nyeupe kabisa ni chuma: pete, saa, sindano, kipande cha waya.

Ndiyo maana mpiga radio anakuambia uvue pete. Pete inaficha sehemu ya mfupa iliyo chini yake. Tena kuna sababu kubwa zaidi: kidole kilichoumia kinavimba, na pete ikibaki inakinyonga. Usingoje kufika lopitali. Vua pete palepale ulipoumia.

MGANGA ANATAZAMAJE?

Mganga mzuri hatazami picha kama mtu anayetazama kalenda ukutani. Anafuata njia yake, hatua kwa hatua, kila siku namna moja, ili jicho lisiruke kitu. Njia yenyewe ni hii.

Hatua ya kwanza: mkono wenyewe. Kabla ya kushika picha, mganga anashika mkono. Anauliza uliumiaje. Anabonyeza kwa ncha ya kidole kimoja, mfupa kwa mfupa, mpaka apate mahali pa maumivu. Hivyo anajua atafute wapi katika picha. Ikiwa hakuna aliyekubonyeza, sema wewe mwenyewe: “Bwana mganga, panauma hapa.” Onyesha kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima.

Hatua ya pili: jina, tarehe na upande. Picha ya mtu mwingine haiwezi kukutibu. Soma jina lako. Tazama tarehe. Tazama pia herufi ndogo pembeni: katika lopitali zetu zinazotumia Kifaransa, D ni mkono wa kuume, na G ni mkono wa kushoto. Kosa la upande si la kuchekesha.

Hatua ya tatu: picha haiwi moja. Chukua fimbo iliyopinda, uishike ili upindo uelekee machoni pako. Utasema imenyoka. Igeuze kidogo, upindo unaonekana. Mfupa ni vilevile. Uliovunjika unaweza kuonekana mzima ukitazamwa kwa mbele, na ukitazamwa kwa ubavu ukaonekana umekatika. Kwa hiyo mkono unapigwa kwa mbele na kwa mshazari, na mara nyingi kwa ubavu pia. Kidole kimoja kilichoumia kinapigwa peke yake, kwa mbele na kwa ubavu, bila vidole vingine kukifunika. Ukiona umepigwa picha moja tu, una haki ya kuuliza kwa heshima kama inatosha.

Hatua ya nne: kuhesabu mifupa. Mkono mmoja una mifupa 27. Katika vidole mna 14: kila kidole kina mitatu, isipokuwa kidole gumba chenye miwili. Katika kiganja mna 5, mmoja kwa kila kidole. Katika kifundo cha mkono mna mifupa midogo 8, imepangwa safu mbili kama mawe ya ukuta. Ni hiyo midogo inayosumbua zaidi, kwa sababu katika picha mmoja unafunika mwingine.

Hatua ya tano: kufuata ukingo. Jicho linatembea pembezoni mwa kila mfupa, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Ukingo wa mfupa mzima ni laini, haukatiki. Pakiwa na ngazi ndogo, pakiwa na mstari mweusi unaopasua weupe, au kipande kilichojitenga, hapo ndipo mganga anasimama. Mara nyingine mfupa umeingiliana, na badala ya mstari mweusi unaonekana mstari mweupe.

Hatua ya sita: nafasi kati ya mifupa. Kati ya mfupa na mfupa pana ufito mweusi. Si hewa, ni ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ambao radio haiuonyeshi. Nafasi hizo katika kifundo zinapaswa kulingana. Tena ukitazama mbele, safu za mifupa ya kifundo zinachora matao matatu yaliyonyoka vizuri. Tao likivunjika, mfupa umehama. Upo mfupa mmoja wenye umbo la mwezi mwandamo, na katika picha ya ubavu unakaa kama kikombe kilichosimama. Mtu akianguka kutoka juu, kikombe hicho kinaweza kupinduka kuelekea kiganja. Katika picha ya mbele kosa hili linaweza kumpita hata mtu mwenye ujuzi, na katika ya ubavu linaonekana wazi. Ni sababu nyingine ya kutotegemea picha moja.

Hatua ya saba: nyama. Uvimbe unaonekana kama kivuli kipana cha kijivu. Hapo mganga anatafuta pia vipande vya chuma, vya jiwe, na hewa isiyo na kazi ndani ya nyama.

VITU VINAVYODANGANYA MACHO

Mama mmoja akitazama radio ya mtoto wake anaweza kulia bure. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna mistari myeusi, mfupa kama umekatwa. Hiyo ni sehemu ambapo mfupa unaongezeka urefu. Mtoto akimaliza kukua, mistari hiyo inafungika. Lakini sehemu hiyo ni laini nayo inaweza kuumia kweli, ndiyo maana mara nyingine mganga anapiga mkono wa pili wa mtoto ili alinganishe.

Kwa mtu mzima, karibu na shina la kidole gumba kuna vijifupa vidogo vya mviringo kama punje za mahindi. Si vipande vilivyovunjika. Ni vya asili, na ukingo wake ni laini pande zote. Kipande kilichovunjika kina upande mmoja wenye makali, na mfupa wa jirani una pengo linalolingana nacho.

SASA TUSEME YALE RADIO INAYOFICHA

Hapa ndipo tunakuomba usome polepole.

1. Mfupa wa mtumbwi.

Fungua mkono wako, inua kidole gumba juu. Upande wa mgongo wa mkono, chini ya kidole hicho, utaona kishimo kati ya kamba mbili. Chini ya kishimo hicho umelala mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi. Waganga wanauita skafoidi, na jina hilo la Kigiriki lina maana ya mtumbwi. Kati ya mifupa minane ya kifundo, huu ndio unaovunjika mara nyingi kuliko mingine, hasa kwa mtu mwenye nguvu anayeangukia kiganja kilichonyoshwa.

Ubaya wake ni wa namna mbili. Wa kwanza: ufa wake unaweza kuwa mwembamba hata radio ya siku ya kwanza isiuonyeshe. Katika watu kumi waliovunjika mfupa huu, mmoja au wawili wanaweza kutoka na picha safi. Wa pili: damu inaingia katika mfupa huu hasa kwa upande wa mbele, kuelekea vidole, na kurudi nyuma. Ukikatika katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu. Kisipotulizwa, hakiungi. Kinaweza kufa, kikasagika, na kifundo chote kikaingiwa na ugonjwa wa viungo kwa mtu ambaye bado ni kijana.

Kwa hiyo mganga mwenye akili hasemi “radio safi, nenda kazini.” Akibonyeza kishimo kile na mgonjwa akaruka kwa maumivu, anaufunga mkono na kidole gumba kama umevunjika, na anampa siku ya kurudi. Baada ya siku 10 mpaka 14 anapiga radio nyingine. Kwa nini? Kwa sababu mfupa unapoanza kujiponyesha, kwanza unakula kingo za ufa, nao ufa unapanuka. Kile kilichojificha siku ya kwanza kinaonekana wiki ya pili. Palipo na skana au mashini ya IRM, mganga anaweza kujua mapema zaidi.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi ameanguka siku ya kwanza ya juma. Radio safi. Amefungwa, ameambiwa arudi baada ya wiki mbili. Siku ya tano uvimbe umepungua. Anafikiri: “Nikikaa nyumbani nitapoteza mapato, na shefu atasema ni mvivu.” Anaifungua bandeji mwenyewe. Kumbe ufa upo. Angengoja, pengine angefungwa miezi miwili au mitatu, na mkono ungepona. Sasa anaweza kuhitaji kupasuliwa, kuwekewa kipande cha mfupa na skrubu, na bado mkono usirudi kama ulivyokuwa. Siku tisa za kungoja, na maisha mazima ya maumivu: wewe mwenyewe pima.

2. Kidole kilichogeuka.

Mfupa wa kiganja unaweza kuvunjika na kujizungusha kidogo. Katika picha unaonekana karibu umenyoka. Lakini kunja vidole nusu: vyote vinapaswa kuelekea shina la kidole gumba, na kucha zinapaswa kupangwa safu moja. Kidole kimoja kikipanda juu ya mwenzake, kimegeuka, picha iseme isivyosema. Kikiachwa kiunge hivyo, hakitashika mpini wa nyundo sawasawa. Jambo hili linatokea pia kwa yule aliyepiga ukuta ngumi baada ya bia nyingi na kuvunja mfupa wa kidole cha mwisho. Ukuta haukuumia.

3. Kamba za vidole.

Kano zinazokunja na kunyosha vidole hazionekani katika radio. Ukikatwa na bati kwenye kiganja, picha inaweza kuwa safi kabisa huku kano imekatika. Jaribu kukunja kila kiungo, kimoja kimoja. Jaribu pia kama ngozi ya pande zote mbili za kidole inasikia. Kama ncha ya kidole imeanguka na huwezi kuinyosha, kano ya nyuma imeachia. Inatibiwa kwa kifaa kidogo kinachoshika ncha hiyo imenyoka, usiku na mchana, wiki 6 mpaka 8. Ukiikunja hata mara moja, unaanza kuhesabu upya.

4. Kibanzi cha mti.

Chuma kinaonekana. Jiwe kwa kawaida linaonekana. Kioo mara nyingi kinaonekana. Lakini mti na plastiki mara nyingi havionekani. Fundi wa mbao aliyechomwa na kibanzi asikubali kutulizwa na picha safi kama bado anasikia kitu ndani. Mashini ya ekografi, ile ile inayotazama mimba, inaweza kukiona.

5. Tundu dogo la grisi.

Hili ni la hatari kuliko yote, na linafanana na mchezo. Fundi anashika pompi ya grisi, au bomba la mafuta ya haidroliki lenye tundu dogo, na mafuta yanaruka kwa nguvu, yanatoboa ganti na kidole. Alama yake ni ndogo kama ya sindano. Kwanza maumivu ni kidogo. Radio inaweza kuonyesha hewa au madoa ndani ya nyama, au isionyeshe kitu. Lakini ndani grisi imekimbia kufuata njia za kano mpaka kiganjani, na inaua nyama. Mtu huyu apelekwe kwa mganga mpasuaji ndani ya saa chache, hata kama anacheka. Akilala mpaka asubuhi anaweza kukatwa kidole. Sema wazi: “Grisi imeingia kwa presha.” Usiseme tu “nimechomwa.”

MASHINI INAYOTETEMESHA

Si kila mkono unaumia kwa ajali ya siku moja. Wewe unayeshika mashini ya kutoboa mawe miaka na miaka, mtetemo wake unapanda mikononi. Ule mfupa wa mwezi tuliousema unaweza kukosa damu na kufa polepole. Ugonjwa huo unaitwa Kienböck, kwa jina la mganga Robert Kienböck wa Vienna, aliyeueleza mwaka 1910. Dalili ni maumivu katikati ya mgongo wa kifundo na mkono kukosa nguvu ya kushika. Radio za mwanzo zinaweza kuwa safi. Baadaye mfupa unakuwa mweupe kuliko majirani zake, kisha unabonyea. Ufaransa imeuandika katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa watu wanaotumia mashini za kutetemesha.

Pia kuna ugonjwa wa vidole vyeupe. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, vidole vinageuka vyeupe kama vya maiti, vinakufa ganzi, kisha vinarudi na kuwaka. Hapa taabu iko katika mishipa ya damu na ya fahamu, radio ya mifupa haiwezi kuionyesha. Usingoje picha. Mwambie mganga kazi unayofanya, na miaka uliyoifanya. Weka mikono yako ya joto na kavu, usikaze mpini kuliko lazima, badilishaneni zamu kwenye mashini, na toa habari ya mashini iliyochakaa, kwa maana inatetemesha zaidi. Tumbaku inabana mishipa ya damu. Kuiacha ni dawa.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, radio inatibu? Hapana. Radio ni kama taa. Taa inaonyesha shimo, haizibi shimo.

Je, mionzi itanidhuru? Radio ya mkono inatumia mionzi kidogo sana, chini ya ile ambayo kila mtu anaipata kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Wapiga radio wa zamani, wasiojua hatari, waliharibu mikono yao kwa kuiweka mbele ya mionzi kila siku. Kwa sababu hiyo mpiga radio wa leo anasimama nyuma ya kinga. Mama mwenye mimba aseme kabla ya kupigwa.

Je, bibi anaweza kunikanda kwa maji ya moto? Siku za kwanza, hapana. Moto na kukanda vinaongeza uvimbe, na mfupa unaweza kuhama. Weka kitambaa chenye maji baridi, na uinue mkono juu kuliko moyo. Usikubali kufungwa vijiti kwa kamba iliyokaza: damu ikizuiwa, vidole vinaweza kuwa vyeusi na kufa.

Nimefungwa plasta. Je, vidole kuvimba ni kawaida? Uvimbe kidogo, ndiyo. Lakini vidole vikiwa vya bluu au vyeupe, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi unaponyoshewa vidole, rudi lopitali saa ileile, hata usiku. Usingoje siku uliyoandikiwa.

Kidonda kiko juu ya mfupa uliovunjika. Nifanye nini? Funika kwa kitambaa safi, uende upesi. Mfupa uliopata hewa unaingiwa na vidudu. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Radio inaonyesha bado mstari, lakini mganga ananiruhusu. Amekosea? Si lazima. Mfupa unaweza kuwa umeshika kabla picha haijaonyesha weupe wote. Kwa hiyo mganga anabonyeza tena. Mifupa ya vidole mara nyingi inahitaji wiki 3 au 4, ya kiganja wiki 4 mpaka 6, na ule wa mtumbwi miezi. Vidole vilivyo huru uvichezeshe kila siku, visije vikakauka.

KATA SEHEMU HII, BANDIKA UKUTANI

— Umeumia mkono? Vua pete, inua mkono, mwambie shefu siku ileile ili ajali iandikwe.
— Lopitalini eleza uliumiaje, na onyesha panapouma kwa kidole kimoja.
— Tazama jina, tarehe na upande katika picha.
— Maumivu katika kishimo cha kidole gumba ni mfupa uliovunjika mpaka mganga athibitishe vingine.
— Grisi au mafuta yaliyoingia kwa presha: lopitali mara moja.
— Tunza picha zako zote, zilale bapa, pakavu, mbali na jua na mikono ya watoto. Uzilete kila unaporudi. Picha ya zamani inaifundisha picha mpya.
— Rudi siku uliyopewa, hata kama umesikia nafuu.

Nanyi mashefu na makapita, mtu aliyeandikiwa kurudi kwa radio ya pili si mvivu. Mwachieni siku yake. Ninyi akina mama, ndinyi mnaoona bwana akibeba kikombe kwa mkono wa kushoto, naye anasema haumwi. Mkumbusheni tarehe.

Ndugu msomaji, siku jirani atakapokuuliza radio imesema nini, usijibu upesi “hakuna kitu.” Kama mkono bado unauma, jibu hivi: “Haijaonyesha kitu leo. Nitarudi.”